Njoo na Nywele Zako

Chumba cha nyuma ya duka la kinyozi,
mlango ule ule wa kijani.
Jumapili mchana, mwezi wa tano.

Mpendwa mwanangu Kichogo,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani, mwanangu? Kifua kile cha baridi kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka? Unakula? Usinijibu "nakula, shangazi" halafu ukaishia hapo, maana nakujua. Nataka kujua unakula nini, na unakula na nani.

Sisi huku miili ni mizima. Goti langu la kushoto ndilo linalonisema kila ninapopanda ngazi za hospitali, lakini tumeshazoeana. Kazi ya kufua bado ninayo. Mashuka ya wagonjwa hayaishi, na ile mashine kubwa ya kukaushia siku hizi inalia kama mtoto anayeota meno. Baba yako mdogo anaendelea na mabomba yake na tumbo lake. Dada yako Kasuku, huyu binti yangu niliyemzaa kwa uchungu ili aje anichoshe masikio, bado anauza simu na bado anaongea kuliko simu zote zilizopo dukani.

Na baba yako yu hai.

Nimeliweka neno hilo peke yake ili ulione kabla ya yanayofuata. Yu hai, yuko chumba cha mbele, namsikia anavuta kiti. Sasa kaa chini, mwanangu. Kama umeifungua barua hii ukiwa umesimama kwenye jiko lile mnalochangia, nenda chumbani kwako, ufunge mlango, ukae kitandani.

Kwa simu nilishindwa. Nilikupigia wiki ile nikaishia kukuuliza habari za mvua, nawe ukashangaa tangu lini shangazi yako akajali mvua ya watu. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Baba yako anajua ninachoandika na amenipa ruhusa. Alisema nikuambie yote, nisikufunike tena kama mtoto mchanga.

Mwezi uliopita baba yako alitaka kujiua. Neno ni hilo, na muuguzi wa wodi aliyolazwa ametufundisha kulitamka bila kulifunika shuka. Hakufanya, alizuiwa, nitakueleza alizuiwa na nani na utashangaa. Alivyokuwa amekusudia kufanya sitaandika, hakutakusaidia kitu kujua. Jua tu kwamba alifika mlangoni pa jambo hilo, na sisi wote tulikuwa karibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona.

Utauliza kwa nini. Nami nimejiuliza mpaka kichwa kikauma. Daktari anasema kuna ugonjwa wenyewe, sonona, una dawa zake na mazungumzo yake, na anasema jambo kama hili halina sababu moja. Nimeshika nguo zilizochanika maisha yangu yote, naelewa anachosema. Huwezi kuonyesha uzi mmoja ukasema huu ndio uliochana shati. Kuna msiba wa mama yako, kuna umri, kuna usingizi uliomkimbia. Lakini kuna nyuzi tulizozikata sisi kwa mikono yetu, tena kwa mapenzi, na hizo ndizo zinazonifanya niandike huku karatasi inaloa.

Unaikumbuka sheria ya bibi yako. Aliyefiwa haombwi hata kiberiti. Alitulea nayo, na wewe ulipokuwa mdogo ulichapwa kwa sababu yake, siku ulipokwenda kuomba mpira wako ulioangukia kwa jirani mwenye msiba. Bibi aliitunga kwa nia njema, tena nadhani aliitunga kwa zile siku za mwanzo, za jamvi na machozi. Sisi watoto wake tukaifanya ya kudumu. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyeishika kuliko wote.

Mama yako alipotutoka, baba yako alifunga duka, baadaye akafungua. Ulikuwa umesharudi huko kazini. Jumamosi ya kwanza wakajaa kama kawaida, wanaume wote wa ukoo kwenye benchi lile refu, wanabishana mpira huku wakingoja zamu. Zamu ya baba yako mdogo ilipofika, mkono wa baba yako ukatetemeka, wembe ukamgusa sikio. Si jeraha la kusimulia. Damu kidogo, pamba, spiriti. Baba yako mdogo alipiga yowe la mtu anayezaa, kisha akacheka, na benchi zima likacheka. Baba yako hakucheka. Alibaki amesimama anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Jioni hiyo tukakutana kwangu, bila yeye. Mimi ndiye niliyefungua kikao, hilo sikufichi. Nikasema mdogo wangu amechoka, bado ana majonzi, na sisi tunamkalisha kutwa nzima akitunyoa kama hatuna haya. Nikasema aachwe apumzike. Baba yako mdogo akasema sikio litapona, ila ule uso wa kaka yake hataki kuuona tena, afadhali asimtie aibu. Wakakubaliana wote. Hakuna aliyeuliza kama yeye anataka kupumzika.

Basi wakaanza kwenda kwa yule kinyozi mpya wa karibu na kituo cha mafuta, mwenye vioo mpaka darini na muziki wa kutoboa masikio. Na kwa kuwa hatukutaka ajue, tukatunga uongo, na uongo wa ukoo wetu unaujua ulivyo. Mmoja alisema nywele zake zimeacha kuota. Mwingine akasema daktari amemkataza kunyoa, sijui daktari wa nini. Baba yako mdogo, asiyeweza kudanganya hata paka, akanunua kofia. Akawa anakuja kumtembelea kaka yake na kofia ya sufu kwenye joto hili, anakaa sebuleni nayo, jasho linamtiririka, anasema anaogopa mafua.

Mwanangu, baba yako amekuwa kinyozi tangu kabla hujazaliwa. Akiona kisogo cha mtu anajua ni mashine gani imepita na aliyeishika alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Tulikuwa tunamletea visogo vilivyonyolewa na mtu mwingine, tunavigeuza mbele yake tunapoaga, halafu tunarudi nyumbani tukijipongeza kwa busara.

Usidhani tulimtupa. Laiti tungemtupa, huenda angekasirika, na hasira ina joto lake. Tulimtembelea sana. Nilimpikia, nikamfulia, nikampigia pasi mpaka leso. Akishika kikombe akioshe, nakichukua. Akishika ufagio, namnyang'anya. Tulikuwa tunakaa naye na sauti zile za msibani, "unaendeleaje, pole, jikaze," na yeye anajibu, "nashukuru." Nilipiga hesabu ya mara alizoniambia "nashukuru" nikadhani ni dalili ya kupona.

Na wewe nilikukata kwa mkasi ule ule. Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi.

Ulikuwa unampigia kila Jumapili. Baada ya simu alikuwa anabaki na macho mekundu, nami nikaamua simu zako zinamtonesha. Nikakuambia upunguze. Ukapunguza, kwa kuwa ulilelewa kutii. Kisha ukapoteza ile kazi ya kwanza, ukawa unalala sakafuni kwa rafiki yako, ukanipigia ukilia, ukaniambia unataka kumweleza baba. Nikakuambia, naikumbuka kauli yangu kama naisikia sasa hivi, "Usimwongezee mzigo." Ukatii tena. Ukabeba peke yako huko, na yeye akabeba peke yake huku, na mimi katikati nikijiona daraja.

Wakati fulani nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kijana wangu hana haja na mimi tena, na hilo ni jema. Nilimlea asiwe na haja na mtu." Nikafurahi, Kichogo. Nikadhani anakusifu. Nikamwitikia, "Umelea vizuri," nikaenda zangu kuanika nguo.

Sasa nikueleze habari za Soli.

Unamkumbuka fundi viatu wa mlango wa pili, yule mbahili ambaye ukimwomba maji anakuuliza unataka nusu au robo. Yeye na baba yako wana mkataba wa miaka na miaka. Baba yako anamnyoa bure, naye anamwekea soli bure. Basi katika mtaa mzima, Soli peke yake ndiye hakuacha kuja. Mkono utetemeke usitetemeke, yeye na kichwa chake yuko mlangoni, maana kule kwenye kituo cha mafuta wanalipisha. Anatoka amepigwa mabaka kichwani, anatembea kifua mbele.

Nilimfuata dukani kwake nikamfokea. Nikamwambia hana utu, amwache mdogo wangu apumzike. Hakuinua hata uso kutoka kwenye kiatu. Akauliza, "Na kichwa changu kikapumzikie wapi?" Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia Kasuku kwamba mtu yule ana moyo wa kisigino.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, mchana kweupe. Duka la baba yako lilikuwa limefungwa lakini redio ilikuwa inasikika ndani. Soli alikuwa anataka kupigwa picha ya kitambulisho, na hakutaka serikali imwone na nywele vile. Akagonga. Kimya. Akagonga tena. Anasema hakuwa na wasiwasi wowote, na mimi namwamini, alichokuwa nacho ni ubishi tu. Akaleta kigoda chake, nyundo na kiatu cha mtu, akakaa kwenye kizingiti akaanza kupigilia misumari, huku anamsema baba yako kupitia mlango. Kwamba ni mvivu, kwamba ana soli mbili hajazilipia kichwa, kwamba hatoki pale mpaka anyolewe.

Alipigilia muda mrefu. Ndipo sauti ya baba yako ikatoka ndani, ndogo. Akasema, "Nenda kwa yule mwingine. Wote wako huko."

Soli akamjibu kwamba yule mwingine hakijui kichwa chake. Lakini anasema ile sauti ilimwingia, akaiweka nyundo chini. Hakuondoka, hakupiga kelele, aliendelea kuongea, polepole sasa, habari za viatu, habari za mke wake, habari zozote zile, mpaka komeo likasogea. Alipouona uso wa baba yako, na alipoona chumba, akaelewa. Na mtu yule, niliyemwita hana utu, akauliza swali ambalo sisi ndugu zake wa tumbo moja hatukuthubutu kuliuliza hata kwa kuzungukazunguka.

"Ulitaka kujiua?"

Baba yako akajibu, "Ndiyo."

Soli akamwambia, "Basi leo sitoki hapa." Akamkalisha kwenye kiti cha wateja, yeye akakaa kwenye benchi, akamwita muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara akamtuma kwangu. Nilikuja na aproni yangu ya kazini, mikono bado na povu. Niliwakuta wamekaa vile vile, Soli amemshika mkono, redio inatangaza matangazo ya sabuni. Tulimpeleka hospitali sisi wawili, Soli na kiatu cha mteja kwapani.

Walimlaza. Jioni nilipoingia wodini nikalitambua shuka, nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Miaka yote nafua mashuka ya watu wa wodi ile nikijiuliza ndugu zao walikuwa wapi.

Muuguzi akatuita mimi na baba yako mdogo, akatuuliza baba yako anaongea na nani kwa siku, na ni nani anayemhitaji kwa jambo lolote. Nikajibu kwa fahari kwamba hakuna anayemsumbua kabisa. Akanitazama. Hakunilaumu, mwanangu, ni mtu mpole, lakini nilisikia mwenyewe nilichosema, na siku hiyo nilikaa katika choo cha wafanyakazi nikalia mpaka mwenzangu wa kufua akaja kunitoa. Ametueleza pia kwamba kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi kunampunguzia, maana anapata wa kumwambia. Sisi tulikaa kimya tukidhani kimya ni dawa.

Alipoweza kuongea nilimwuliza baba yako kwa nini hakuniambia. Aliniangalia bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ningekuambia nini, dada? Kila mtu alikuwa mwema."

Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu nimemlea mwenyewe, nikambeba mgongoni, na sasa ameanza kunivuta nywele.

Nywele. Nikwambie na hili. Tulipomrudisha nyumbani nikaona kichwa chake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mama yako. Nywele zimefunga, nyeupe na nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye kola. Tulikuwa tumeziona, ndiyo, tukasema ni majonzi, tukamwachia. Kumbe aliyekuwa anamnyoa ni mama yako. Miaka yote ile, Jumapili jioni, uani, taulo begani. Kinyozi hajinyoi, tunausema msemo huo kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza basi huyu wetu ananyolewa na nani sasa.

Nimemnyoa mimi. Alikuwa ananielekeza kwa kioo, pandisha, shusha, usikandamize, na mimi nakandamiza. Anaonekana kama bustani iliyoingiliwa na mbuzi. Alijitazama, akasema mama yako alianza vibaya kuliko hivyo. Tukacheka kidogo, kisha akalia, nami nikalia, na safari hii sikumwambia ajikaze.

Sasa yuko hivi. Ninalala hapa kwake, nyuma ya duka, hatumwachi peke yake. Anakunywa dawa, na kila wiki anakwenda kuongea na mtaalamu. Siku nyingine anarudi mwepesi, siku nyingine anarudi na kwenda kulala moja kwa moja. Vitu ambavyo daktari alisema visikae karibu naye vimehamia kwa baba yako mdogo. Ukweli ni kwamba kuna asubuhi hainuki. Sijui kesho itakuwaje na sitakudanganya tena kwamba najua.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, baba yako mdogo alikuja, akavua ile kofia mbele yake, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Akasema alikwenda kwa yule wa kituo cha mafuta, akanyolewa kama anafyekwa uwanja, na anaomba radhi. Baba yako akamfunga kitambaa shingoni. Akamwambia, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uniambie tu." Kisha akawasha mashine. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, na vichwa vyao vya aibu. Soli alikuwa kwenye benchi anawahesabia zamu na kudai yeye ni wa kwanza kwa haki ya kihistoria. Nimemwomba radhi huyo Soli. Alisema nisimshukuru, nimletee viatu.

Nimejifunza ukubwani, Kichogo. Tulimpa mdogo wangu kila kitu isipokuwa nafasi ya kutufaa. Mtu anaweza kuzungukwa na watu kutwa nzima, sahani zimefunikwa mezani, na bado akajiona mzigo unaosubiri kushushwa. Ningeomba kiberiti kila siku. Ningemwomba anishikie uzi, anisomee saa, anitafutie miwani iliyo kichwani mwangu. Nilikuwa na njia elfu za kumsumbua na nikazifunga zote.

Sasa nikugeukie wewe, maana sitaki kurudia kosa nikiwa bado nina kovu lake. Unafanya kazi kwenye ghala lile usiku, unalala mchana, unaniambia wenzako wa nyumbani hata majina yao huyajui vizuri, na maziwa mnayatia alama ili mtu asinywe ya mwenzake. Kila nikikuuliza unasema "poa, shangazi." Baba yako naye alikuwa anasema "nashukuru." Kwa hiyo nakuuliza kama Soli alivyouliza, na usinionee haya. Umewahi kufikiri kwamba heri usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujiua? Ukinijibu ndiyo, sitapiga yowe wala sitakuhubiria. Nipigie saa yoyote, nitaacha hata mashine ikizunguka. Na mimi niko mbali, kwa hiyo mwambie na mtu aliye hapo karibu, uende hospitali ya huko, usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Ukinijibu hapana, nitamshukuru Mungu, na bado nitauliza tena siku nyingine.

Halafu mpigie baba yako. Usimpigie kumpa pole, pole amezipata mpaka zimemkinai. Mwambie shida zako. Mwambie kuhusu kazi uliyopoteza na ile sakafu uliyolalia, mwambie mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Mwulize namna ya kuongea na bosi mkorofi. Gombana naye kuhusu mpira. Kama akinyamaza kwenye simu, nyamaza naye, usikate.

Kuna jambo moja nimeliacha makusudi mpaka mwisho. Akiwa bado wodini, siku za mwanzo kabisa, alipokuwa haongei na mtu, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikikunja mashuka ili mikono iwe na kazi. Akafungua macho akaniuliza, "Kichogo ananyolewa na nani huko?"

Mimi shangazi yako ninayejua bei ya viatu vyako na tarehe ya pasi yako ya kusafiria, sikujua. Akasema kile kisogo chako ni kigumu, asiyekizoea ataacha nywele na ngazi upande wa kulia, akafumba macho tena. Muuguzi alikuwa anapita, akaniambia nitafute jibu.

Basi nitafutie jibu, mwanangu. Lakini umpe yeye, si mimi. Na ile likizo uliyosema utaiuza ili ufanye kazi, usiiuze, nakuomba. Njoo. Na kuanzia siku barua hii itakapokufikia, usinyoe. Waache huko wakucheke. Kama kazini hawataki, vaa kofia, ukoo wetu una uzoefu wa kofia.

Baba yako mdogo anakusalimu, anasema sikio limepona na amebaki na alama anayowaonyesha watu kama mwanajeshi. Kasuku anakusalimu, anasema ana mengi ya kukueleza, nami naamini. Soli anakusalimu na anauliza unavaa namba ngapi siku hizi. Nisalimie yule rafiki yako aliyekulaza sakafuni kwake. Mwambie shangazi yako anamwombea kitanda kikubwa peponi.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe wa kula naye, akupe wa kumsumbua na wa kukusumbua. Na atuachie baba yako muda mrefu, sisi tulioshindwa kumwona naye yuko mbele yetu.

Mimi ninayekupenda kuliko nilivyowahi kukuambia,

Shangazi yako.

Nyongeza: Nimemsomea barua yote. Alisikiliza bila kunikatiza, ila pale kwenye bustani ya mbuzi. Nikamwuliza kama ana neno la kuongeza. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu, tukautazama wote wawili. Kisha akasema niandike hivi: "Mwambie mkono bado unatetemeka. Kama hajali sikio lake, aje."